Aya Niliyoiruka

Jumamosi, saa nane mchana. Jua kali, na vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe, limetua mpaka kwenye mfuniko wa chupa ya chai.

Kuna kitu sijamwambia mtu yeyote. Si rafiki yangu wa darasani, si dada, hata kwenye sala sijakitaja. Dada yangu Bhoke alipigwa juzi mpaka mkono ukavunjika. Waliompiga wana dhambi yao, nayo nitaisema. Lakini kabla yao nilikuwepo mimi. Niliruka aya moja kwenye karatasi.

Nikiliandika hivyo linaonekana jambo dogo.

Sasa shemeji Chacha ameenda kuwafuata wenzake wawili. Wakirudi watakula kwanza, halafu wataenda kuvunja duka la dawa la Mama Mwajuma na kumfundisha adabu, kwa sababu wanaamini yeye ndiye aliyemdanganya dada. Panga liko nyuma ya mlango, nimelisikia asubuhi likinolewa. Mama Mwajuma hakudanganya mtu. Anayejua hilo ni mimi peke yangu, na nimekaa hapa na simu naandika.

Dada ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa darasa la pili, na dada alipoolewa hapa Kewanja alikuja na masufuria yake na mimi. Anafanya kazi mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa mawe yaliyosagwa ili dhahabu ibaki kwenye gunia. Pale kuna sharti. Mwanamke aliye kwenye siku zake hakanyagi, si mwaloni wala karibu na duara, lile shimo wanakochimba. Eti dhahabu inakimbia. Hakuna aliyewahi kuiona ikikimbia, lakini sharti liko, na wanawake wenyewe ndio wanaochungana.

Siku za dada zilikuwa saba, nzito, na mara nyingine zinarudi kabla mwezi haujaisha. Kila akirudi kazini anakuta nafasi yake ina mtu mwingine.

Ndiyo akasikia habari za plasta. Ni kibandiko cha uzazi wa mpango, kinaletwa kutoka upande wa Sirari. Unakibandika kwenye ngozi wiki nzima, unabadilisha, hivyo hivyo wiki tatu. Ya nne unakaa bila, na damu inakuja wiki hiyo. Dada alitaka mambo mawili: asishike mimba ya tatu kwa sasa, na ajue damu inakuja lini. Shemeji hakuambiwa.

Tulikwenda wote wawili kwa Mama Mwajuma. Yule mama ni mtu makini. Alimpima dada presha, akamuuliza kama anaumwa kichwa cha upande mmoja, kama anavuta sigara, kama miguu inamvimba. Duka lilijaa wachimbaji wanaotafuta dawa ya kikohozi, na mambo ya damu ya mwanamke hayasemwi mbele yao. Basi akachukua kalamu ya bluu, akapiga mstari chini ya aya moja kwenye ile karatasi ya ndani ya boksi, akanipa mimi kwa sababu imeandikwa Kiingereza na dada aliachia shule darasa la tano.

Akaniambia taratibu, "Msomee yote, mwanangu. Hapa penye wino, msomee mara mbili."

Nikaitikia ndiyo, mama.

Nyumbani tulikaa chumbani, mimi nasoma kwa Kiingereza kimoyomoyo na kumweleza dada kwa Kiswahili. Usibandike kwenye kidonda. Usipake mafuta kwanza. Ikibanduka, fanya hivi. Nje ya dirisha alikuwepo Mzee Marwa, baba mkwe wa dada, anachonga mpini wa jembe. Kila nikinyamaza nilisikia kisu chake kwenye mti.

Nikafika penye wino. Aya ilisema kwamba miezi ya mwanzo damu inaweza kutoka siku yoyote, hata plasta ikiwa imebandikwa, matone au zaidi. Si ugonjwa, usiitoe plasta, endelea, kaa na pedi karibu.

Kwa Kiingereza maneno haya hayanisumbui. Nimeyaandika kwenye mtihani wa baiolojia na mwalimu akaweka vema. Kwa Kiswahili mdomo unakauka. Kwa Kikurya, na mzee yule yuko hatua mbili kutoka dirishani, afadhali ningeitafuna ile karatasi.

Nikamwambia dada, "Hapa wanarudia tu habari za ngozi kavu."

Akasema mh, sawa, akageuka nimbandikie mgongoni, chini ya bega, mahali ambapo nguo inafunika. Nilikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika.

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri. Wiki ya kupumzika damu ikaja siku nne, kidogo, bila yale maumivu ya kumkunja. Alikaa nyumbani siku zake, akarudi mwaloni nafasi yake bado ipo. Nilimsikia anaimba akifua. Nikajiambia, unaona, aya yenyewe haikuwa na maana.

Juzi Alhamisi ilikuwa wiki ya pili ya mwezi wa pili. Nilitoka shule nikampelekea ugali na dagaa. Wale wa duara walikuwa wamepata mawe matupu siku nyingi, wamekonda macho, wanagombana wao kwa wao tangu asubuhi. Unaweza kuona watu wanaotafuta wa kumpiga. Wanatembea kama tayari wana jiwe mkononi.

Dada aliinuka pale alipokaa anipokee bakuli. Nyuma ya kitenge kulikuwa na doa, si kubwa kuliko kiganja cha mtoto. Niliona mimi kwanza. Nilipaswa kumfunga sweta langu kiunoni. Nilisimama tu. Mwanamke aliyekuwa naye kwenye ubao wa kuoshea mchanga akaona, akasogea pembeni, akanyoosha kidole.

Msimamizi wa duara alikuja kama anatembea tu. Akamuuliza, "Mama, hizi siku zote tunakula mawe, kumbe unatuchezea?"

Dada akasema si siku zake, ameshahesabu, bado wiki mbili. Akageuka kujitazama na mimi nikaiona sura yake. Alishangaa kweli. Hakujua. Mtu akikosa kujua anaonekana kama anaficha.

Kofi la kwanza likamwangusha kwenye matope ya mwalo. Baada ya hapo sikuhesabu. Buti, fito, mpini wa sururu. Mmoja alikuwa anapiga na bado ana kipande cha muwa mdomoni. Blauzi ikachanika mgongoni na wakaiona plasta. Kelele zikazidi. Wakasema hirizi, ndiyo inayovuta dhahabu yetu. Mmoja akaibandua kwa ncha ya kisu, na ngozi ikaja nayo. Dada akajikinga kwa mkono wa kushoto, mpini ukashuka, nikasikia mfupa. Nilikuwa bado nimeshika bakuli.

Walipomaliza, damu pale chini ilikuwa nyingi kuliko ile waliyoiogopa. Hiyo hakuna aliyesema itafukuza dhahabu.

Mganga wa zahanati amemfunga mkono kwa vibao na kumshona kichwani. Mgongoni ana alama ya mraba, nyekundu, ukubwa ule ule wa plasta.

Shemeji usiku ule alipasua kiti. Alisema ataua mtu. Lakini wale waliompiga dada ni wenzake, anashuka nao kwenye duara moja, kamba anayoshukia wanaishika wao. Nilimwona akilifikiria hilo. Jana hasira ilitafuta njia nyingine, rahisi. Akamuuliza dada hiyo plasta alipewa na nani, na dada, kwa maumivu, akamwambia. Aliapishwa aseme kama aliambiwa itamtoa damu. Akasema hakuambiwa.

Ni kweli, hakuambiwa.

Leo wakati wa chai shemeji akatangaza mpango wake huku anachovya muhogo. "Leo yule mama atameza dawa zake zote, na chupa zake." Akacheka. Mzee Marwa akamkataza kwa maneno mawili matatu, halafu akanyanyuka akaenda kwa ng'ombe.

Niliacha vyombo nikatoka, nikafika mpaka dukani. Nilitaka kumwambia funga duka, nenda kwa ndugu zako Tarime hata siku mbili. Alikuwepo peke yake, anapanga makopo. Shikamoo, nikasema. Marahaba mwanangu. Alikuwa amesikia kuna mwanamke kapigwa mwaloni lakini hakujua ni nani, akasikitika, akasema wanaume wa huku wakikosa kitu chini ya ardhi wanakitafuta kwa mwanamke. Halafu akaniuliza, sauti ya chini, ile damu ya katikati haijamsumbua dada?

Nikamjibu, "Hapana mama, yuko salama."

Hivyo tu ndivyo nilivyosema. Sijui ulimi wangu umetengenezwa na nini. Nilirudi nimejiuma mkono, alama za meno ziko hapa. Njiani nilitaka mtu yeyote anipige, bodaboda inigonge, kitu. Nina ukatili ndani yangu ambao sina pa kuupeleka. Nikiwafikiria wale wanaume nawaona nao wameanguka chini ya kamba iliyokatika, na nafurahi, halafu nakumbuka nani alifungua njia.

Nilipomwosha dada kidonda saa tano nilijaribu. Nikasema, dada, ile karatasi. Akanikatiza. Akaanza kumlaani Mama Mwajuma, eti mtu wa mjini, alimcheka moyoni kwa kuwa hajasoma, alimficha makusudi. Machozi yalikuwa yanaingia masikioni kwa sababu amelala chali.

"Wote wananidanganya, Robhi," akasema. "Wewe tu ndiye usiyenidanganya."

Nikamkausha masikio kwa kanga. Nikakamua kitambaa, maji yakatoka ya rangi ya chai.

Sasa naandika haya nimekaa mlango wa chumba changu umefungwa. Naona wasomaji wa ukurasa huu wa mtandaoni ni wachache, siwajui, na hakuna wa Kewanja. Kwa hiyo naweza kuwaambia ninyi. Nimegundua ninavyofanya: namwambia kila mtu ambaye hataumia na hatanifanya kitu. Ule ukweli ninaupeleka mahali ambapo hauna kazi.

Karatasi ninayo. Nilisema imepotea, kumbe nimeiweka ndani ya daftari la jiografia. Mstari wa bluu bado uko pale, umenyooka, amepiga kwa rula. Hata mtu asiyejua Kiingereza ataona kuna mtu alitaka aya hii isomwe. Shemeji alifika kidato cha pili, maneno mengine atayatambua mwenyewe.

Nikimwonyesha, panga halitakwenda dukani. Hilo nina uhakika nalo, karibu uhakika. Litabaki humu ndani na sisi. Mkono wa shemeji naujua, niliuona ulivyomfanya dada ile mara alipochelewa kutoka mnadani. Na dada atasikia kupitia ukuta. Hilo la dada ndilo ninaloliogopa zaidi. Anaweza asiniite jina langu tena.

Nimefanya mazoezi. Nimesema kwa sauti ndogo, nikiwa peke yangu: dada, damu ingeweza kutoka siku yoyote, iliandikwa, mimi sikukusomea. Kwa Kiswahili imetoka, inakwaruza lakini imetoka. Nimejaribu kwa Kikurya kwa sababu akina shemeji wakikasirika wanasikia Kikurya tu. Mara ya kwanza nililia. Mara ya tatu nikafika mwisho.

Pikipiki imezimwa uani. Wako watatu. Mmoja anauliza chakula, shemeji anamwambia ngoja, mura, nichukue kwanza kile kitu nyuma ya mlango.

Nimefungua mlango wa chumba changu. Nimeikunjua karatasi kwenye meza iliyo hapa mlangoni, pale atakapopita, nimeikandamiza kwa kikombe. Mkono wangu unarudi kuifunika wenyewe, nauondoa, unarudi.

Hatua zinakuja. Simu naisukuma chini ya mto. Karatasi siifuniki tena.