Waliosha Ghala la Chokaa

Alhamisi, 28 Agosti
Ghalani Gikondo tangu asubuhi. Magunia ya mwisho yamefika kutoka tanuruni Musanze. Nimetia kipande kwenye kikombe cha maji, kikachemka papo hapo. Chokaa safi. Jumatatu wahandisi wa mgodi wa dhahabu wanakuja kuipima. Ikipita, wataacha kuagiza ya nje na tanuru letu litawaka mwaka mzima. Isipopita, basi. Faustin, mshirika wangu, analalamikia vumbi. Nimemwambia tena: humu ndani lisiingie hata tone la maji, chokaa ikilowa huwaka moto na kuharibika. Ameitikia kwa kichwa. Mimi ndiye mkemia, yeye ni mtu wa wateja.

Jumamosi, 30 Agosti
Nina hasira.

Asubuhi nilikuwa nyumbani Batsinda kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, nafyeka majani na majirani kama kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Faustin alikuwa kwenye umuganda wa Gikondo. Walipomaliza mitaro akawakaribisha watu wote ghalani. Na madumu ya maji. Na sabuni! Wakaosha sakafu, magunia yakiwa juu yake.

Nilipofika, ghala zima mvuke. Magunia ya chini yamevimba, yamepasuka, yana moto hayashikiki. Mama mmoja ameungua mguu, kapelekwa kituo cha afya. Faustin ananiambia, "Dada, wageni wangetucheka. Hapa iko vumbi sana." Vumbi! Katika ghala la chokaa!

Jumapili, 31 Agosti
Nimemtembelea yule mama. Ana malengelenge, atapona. Eti yeye ndiye aliyenipa pole. Nimeona aibu isiyo yangu.

Faustin ana mpango: chokaa iliyolowa na kuwa unga ikae chini ndani ya magunia, vipande vizuri juu. Nimekataa. Kapiga simu, nimekataa tena. Njia ya mwongo ni fupi.

Jumatatu, 1 Septemba
Kafanya hivyo hivyo, bila mimi.

Mhandisi mkuu, mama mpole mwenye mvi, alizamisha mkono mpaka chini ya gunia. Akatoa unga, akautia maji. Hakikuchemka kitu. Akamtazama Faustin. Faustin akaninyooshea kidole: "Mkemia ni huyu."

Nilisema ukweli wote. Lakini mtu aliyekwisha kudanganywa husikia kisingizio tu. Wameondoka bila hata kunywa chai. Jina langu! Nimesoma Dar es Salaam, nimekula ugali mkavu miaka yote ile, nije niitwe tapeli Gikondo kwa kosa la mtu mwenye sabuni.

Jumapili, 7 Septemba
Faustin amekuja baada ya misa, na mjomba wake, na kreti ya bia. Ndiyo desturi: mkosaji huleta kinywaji, mkinywa pamoja yameisha. Mjomba akasema, "Mwanangu, kunywa, mambo iishe." Nikajibu sinywi mpaka mhandisi asikie kwa mdomo wa Faustin mwenyewe.

Mjomba hakumtetea. Faustin akapiga simu mbele yetu, akasema yote: maji, kuchanganya, kile kidole. Mhandisi alimsikiliza hadi mwisho. Akaomba kuzungumza nami, akaniomba radhi kwa kulitilia shaka jina langu. Kisha akasema wameshaagiza chokaa ya nje, mwaka huu hawana nafasi.

Tukafungua bia. Nimekunywa, kwa kuwa Faustin alisema. Hasira ingalipo. Walipoaga, mjomba alianza kurudisha chupa tupu kwenye kreti, nikamsaidia.