Mama Alisema Ameshiba

Rutamba, Jumanne. Mawingu tangu asubuhi. Mvua hainyeshi, jua halitoki, nami niko hivyohivyo.

Juzi tumesoma dua ya arobaini ya Mama. Wageni wameondoka, masufuria ya watu yamerudi kwa wenyewe, nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Huku kwetu mgonjwa akikonda, anatiliwa mafuta. Unatwanga ufuta mpaka ulainike, unauchanganya kwenye uji, kisha unamimina tui la kwanza, lile zito. Ndivyo Mama alivyonilea mimi kila nilipougua. Basi zamu yangu ya kumuuguza ilipofika nami nikatwanga, tena nikazidisha. Anakula vijiko vinne, anasukuma bakuli.

"Nimeshiba, mwanangu."

"Vijiko vinne, Mama? Umeshiba nini? Kama umeamua kutuacha, sema!"

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu.

Leo nesi wa zahanati kaja kunipa pole, maana msibani hakuwahi. Nikamsimulia habari za uji wangu nikitarajia sifa, mjinga mimi. Akanieleza taratibu kwamba utumbo mwembamba unayatambua mafuta. Yakifika pale, unapeleka habari tumboni kwamba chakula kisishuke haraka, na kwenye ubongo kwamba inatosha. Ndiyo maana uji mzito wa mafuta unashibisha upesi, na mgonjwa akilazimishwa anaweza hata kupata kichefuchefu. Ningempa kidogo kidogo, mara nyingi, bila kumsukuma. Akasema pia kwamba si uji uliomuua Mama. Namwamini, lakini moyo haujapoa.

Kumbe hakuwa anadeka wala hakuwa amekata tamaa. Alikuwa ameshiba kweli, na mimi nikamfanya mwongo.

Nimelia leo kuliko siku tuliyomzika.

Kinachonimaliza ni ile Alhamisi, siku mbili kabla hajafariki. Nilimpelekea uji nikiwa nimenuna, nikakaa mbele yake nimefunga mikono kama askari. Alikula wote, polepole, jasho linamtoka kwenye paji la uso, akamaliza, akanitazama na kutabasamu. Nilifurahi mno! Nikampigia simu mama mdogo nikamwambia Mama anapona.

Mama, uso wangu ulikuwa mkali kiasi gani siku ile, hata ukaona bora uumie wewe kuliko kuniambia tena kwamba umeshiba?