Pini Mbili za Baba

Jumamosi, 8 Juni

Naandika upesi upesi. Mwandiko gani huu!

Baba alikuwa sebuleni anasafisha bunduki, kama kila Jumamosi. Madirisha wazi kwa sababu ya harufu ya dawa, gazeti mezani, vitambaa vimekatwa sawasawa. Miaka mingi alifundisha walinzi kutunza silaha. Wakikutana naye sokoni bado wanamwita Afande. Somo lake la kwanza nililijua kabla sijajua kusoma: toa risasi, tazama kwa jicho, gusa kwa kidole, ndipo ushike kitambaa.

Akaniita nimchungulie kama kuna kutu, maana macho yake siku hizi ni ya kubahatisha. Bunduki, ya mitutu miwili, ilikuwa imekunjwa wazi katikati. Nikaelekeza mitutu dirishani, nikainama. Mtutu wa kulia, mwanga mpaka mwisho. Wa kushoto — shaba. Risasi!

Akimaliza kusafisha, huwa anaifunga na kuvuta vifyatulio vyote viwili, eti kulegeza springi. Zamani alielekeza kwenye gunia la mchanga. Gunia lilipasuka, hakuleta jingine. Sasa anaelekeza ukutani. Nyuma ya ukuta huo ndipo ninaposhonea.

Alikuwa amenipa mgongo, anatafuta mafuta. Nikaichomoa risasi kwa kucha, nikaitia mfukoni. Nikasema: Safi, baba. Safi! Mwongo mkubwa mimi.

Jumapili, 9 Juni

Nimempigia kaka. Hakuningoja nimalize. Bunduki ipelekwe polisi kesho, na mzee aambiwe ukweli, na nani wa kumwambia kama si mimi ninayeishi naye? Nikasema sawa.

Kisha baba akatoka bafuni, kanyoa ndevu, kavaa shati nililomshonea. Akauliza kama kaka hajambo. Hajambo, nikasema. Basi.

Tangu mama afariki amesahau mengi: chai jikoni, majina ya majirani, hata njia ya dukani mara moja. Lakini Jumamosi akishika kile kitambaa, mikono inajua. Nimnyang'anye na hicho? Naona aibu hata kuandika kwamba nilifikiria kusubiri tu, labda ilikuwa mara moja.

Jumanne, 11 Juni

Sikusema.

Jumatano, 12 Juni

Sikusema tena. Nimemshonea mteja suruali yenye miguu miwili ya kushoto.

Alhamisi, 13 Juni

Nimefanya. Sijui niite nini, lakini nimefanya.

Baba alikwenda kwa kinyozi. Ufunguo wa kabati la chuma aliusahau bafuni, pembeni ya sabuni — ufunguo ambao zamani alilala nao shingoni! Nikafungua. Skurubu mbili tu, nikatoa zile pini mbili zinazogonga risasi. Kila moja fupi kuliko njiti ya kiberiti. Alinifundisha mwenyewe, nikiwa mtoto, nikimshikia kisahani. Bila pini bunduki ni bomba tu. Nimezificha kwenye kopo la vifungo.

Risasi ningezificha angejua, huzihesabu; hata ile ya mfukoni nimeirudisha kabatini. Pini hazitoi ila Desemba, kwenye usafi mkubwa. Mpaka Desemba nitakuwa nimepata ujasiri wa kumwambia.

Nimempigia kaka, anasema namchezea mzee mchezo wa kitoto. Ni kweli. Nimerudisha ufunguo pale pale kwenye sabuni, kama mwizi mwenye adabu.

Jumamosi, 15 Juni

Mvua tangu jana. Asubuhi baba akanusa hewa, akasema unyevunyevu huu utaleta kutu ndani, leo leo anafanya usafi mkubwa. Nikamwambia apumzike. Nikamwambia twende mjini. Akacheka, akasema nimeanza kumlea.

Nikakaa kwenye cherehani bila kushona, nasikiliza. Bisibisi. Kisha kimya.

Nilipotoka alikuwa amepiga magoti, tochi mkononi, shavu karibu liguse sakafu. Amezipoteza pini, akasema. Zote mbili. Amezitoa sasa hivi, akaziweka kwenye kisahani, hajui mkono umezipeleka wapi. Anakumbuka kabisa akizitoa!

Nikapiga magoti pembeni yake. Ndiyo, nimetafuta. Nimeinua zulia, nimekung'uta mito ya makochi. Natafuta kwa bidii kitu ninachojua kilipo! Nikizidondosha chini ya kochi na kuziokota, atarudi kuwa Afande — na bunduki itarudi kuwa bunduki. Nikimwambia ukweli, atajua kuhusu risasi. Nikinyamaza, ndiyo hivi: mzee wa watu anatambaa sakafuni.

Usimwambie kaka yako, akasema. Hakunitazama. Baadaye kidogo: afadhali mama yako hakuyaona haya.

Sasa ameniagiza sumaku yangu ya kuokotea sindano. Nimeingia kuichukua, nimefunga mlango, ninaandika. Sumaku iko mkononi. Kopo la vifungo liko hapa mbele yangu, sijaligusa. Nasikia akisogeza kabati la vyombo peke yake, na mgongo wake ule!

Ameita. Anasema kama sumaku haionekani nisihangaike, niendelee kushona nguo za watu, mimi sina kosa, kosa ni lake yeye —