Sultani Hakufa kwa Kukupenda

Bibi,

Assalamu alaykum huko uliko. Leo sijaja na dua peke yake, nimekuja na hasira.

Sultani amekufa. Yule paka wako mnene, aliyekuwa akisubiri utoe salamu ya swala ndipo akulalie mapajani. Sasa Makandana nzima inasimulia kwamba amekufuata kwa mapenzi. Wanatikisa vichwa huku wakinywa chai yetu ya tangawizi. Uongo mtupu, Bibi.

Baada ya arobaini yako alianza kukojolea mswala wako. Anatoa tone moja, anaondoka, anarudi, anachuchumaa tena, analia. Shangazi akasema anakulilia wewe. Baba mdogo akasema hiyo najisi ni kazi ya jini. Akaletwa mtu wa kumsomea. Paka akatiwa kwenye tenga la kuku, akafukizwa ubani mpaka akapiga chafya. Alipomkwaruza Baba mdogo, huo ndio ukawa ushahidi. Nikasema jamani, huyu anaumwa. Baba mdogo akanijibu, "We mtoto, paka naye anaumwa nini?" Mtu huyohuyo ng'ombe wake akikohoa tu, anakimbilia dawa.

Nilipofanikiwa kumtorosha kwa bodaboda hadi kwa daktari wa mifugo, hata kichwa hakuinua. Daktari akamgusa tumbo. Kibofu kilikuwa kigumu kama parachichi bichi. Mkojo umeziba, akasema, huwapata sana paka madume. Wakisikia uchungu wanapokojoa mahali pao pa kawaida hutafuta pengine, hasa palipo laini. Angeletwa mapema, angezibuliwa kwa mrija. Alikufa palepale mezani, mkono wangu ukiwa mgongoni mwake.

Nachukia hadithi yao tamu, maana hata wewe walikutungia yako. Ulipoanza kufoka na kususa chakula, wewe uliyekuwa hufoki, walisema ni uzee. Wakacheka, wakakuita mtoto mchanga. Ulikuwa unashika ubavu, Bibi. Hakuna aliyekuuliza panauma wapi mpaka ulipoanguka jikoni.

Lala salama, Bibi yangu. Mungu akupe nuru. Nakuahidi, akibadilika tabia yeyote humu ndani, mtu au mnyama, atapelekwa kwa daktari kwanza, ubani utasubiri. Na wakirudia kwamba Sultani alikufuata, nitawaambia mbele ya wageni wao: alizibwa mkojo, akawalilia, na nyinyi mkamfungia kwenye tenga.

Mjukuu wako,
Zuhura