Nimechagua Darasa la Jumamosi

Mwankoko, Singida
Jumapili, usiku

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Na baba mpe shikamoo yake sasa hivi kabla hujaendelea, maana najua ukishashika barua humsikii mtu. Goti linaendeleaje? Bado linagoma ukiinuka kwenye mkeka? Uwele mmeshapura wote, au umebaki ule wa shamba la kijiji? Sisi huku tupo. Neema ana meno manane na la tisa linamtoa udenda. Anatembea kwa kushika ukuta, na ukuta ukiisha anakaa chini analia kana kwamba sisi ndio tuliomnyima ukuta mwingine. Baba yake, Daudi, alikuja mwisho wa mwezi na tope mpaka masikioni. Bado wapo na mitambo yao ya maji kule porini, na kisima kinawapa mawe tu. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Nakuambia wewe kwa sababu huku nikisema nimechoka watu wanadhani nalalamika.

Barua yako imenifika, mama. Niliikuta kazini, kwenye meza ya karani, na mwandiko wa juu ya bahasha sikuujua. Herufi kubwa kubwa, moja moja, kama mtu anayepanda karanga kwa kamba. Nikadhani ni ya mwingine. Nilipoifungua nikasoma: "Rebeka. Nenda chuo kikubwa. Mtoto mlete kwangu. Mimi mama yako." Basi. Nilisimama pale pale na ndoo mkononi. Siku zote barua zako huandikwa na mwalimu, naye lazima aanze na "dhumuni la barua hii", neno ambalo sijapata kulisikia kinywani mwako hata siku moja. Hii haikuwa na dhumuni. Nilisikia sauti yako mpaka nikageuka nyuma.

Zaituni, mwenzangu wa wodini, yule Mnyaturu mwenye maneno niliyekusimulia, akaniuliza, "Kuna msiba?"

"Hapana. Mama yangu ameandika."

"Si ulisema hajui?"

"Alikuwa hajui."

Akanipokonya ile karatasi, akaisoma, akanirudishia. "Huyu," akasema, "hakujifunza kuandika ili akubembeleze."

Nimeiweka ndani ya Biblia. Nakushukuru mama, kwa kuandika na kwa ulichoandika. Kulea mtoto wa miaka hii, na goti hilo, na shamba lako na la kijiji, si jambo dogo, nawe umelisema kwa maneno matatu kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Ndiyo maana kalamu yangu inakuwa nzito. Barua ya kwanza ya mkono wako, na mimi najibu hapana. Lakini usiikunje. Nisome mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Nianze na jinsi jambo lilivyoanza. Kazi yangu unaijua: kufagia, kupiga deki, kumwaga vyombo vya wagonjwa, na kuchemsha sindano. Maji ya kisima cha hapa yana chumvi na chokaa. Sufuria ukiiachia wiki moja inaota ganda jeupe kwa ndani. Kwa hiyo sindano mimi huzichemsha kwa maji ya mvua ya tangi, na tangi likikaribia kuisha nalilinda kama pipa la asali. Basi akaja sista mgeni, mtu wa milimani ambako maji yote ni matamu, akaona namfanyia uchoyo. Nikiwa nimepumzika siku moja, akachemsha kwa maji ya kisima siku nzima. Nilivyorudi nikakuta sindano zimeziba, na bibi mmoja wa Iguguno amechomwa mara mbili hakuna dawa iliyopita, anasema, "Nyie mnanishona au mnanitibu?"

Nikazitoa zote, nikazizibua kwa waya, nikazichemsha upya kwa maji ya tangi. Matroni, yule mkuu wa wauguzi wote, alikuwa amesimama mlangoni ananitazama.

"Nani alikufundisha hayo?"

"Hakuna, Matroni. Birika la mama mwenye nyumba wangu, lilivyoziba mdomo kwa ganda."

"Na kwa nini maji ya mvua hayazibi?"

Nikaanza kuifuta sufuria.

"Umeona? Unajua kufanya, lakini sababu yake huijui. Inabidi ukasome uuguzi." Akaniambia njia ziko mbili, nisimjibu siku hiyo.

Njia ya kwanza ndiyo ile uliyoisikia mpaka huko kwetu Shelui: chuo kikubwa, mbali, basi na kisha treni. Miaka mitatu, kulala bwenini, chakula na nguo za serikali, mtoto haruhusiwi. Ukitoka umetoka muuguzi. Njia ya pili ni darasa la hapa hapa hospitalini, la sisi tulio kazini. Jumamosi kuanzia saa saba mpaka jioni, na Jumapili baada ya ibada. Siku za katikati unafanya kazi yako ya ndoo kama kawaida, na kujifunza kwa vitendo wodini chini ya macho ya sista. Hiyo ni miaka mitano. Sikufichi kitu, mama. Mitano. Wale wa chuo watarudi wamevaa kofia nyeupe na watanituma maji, na mimi nitayaleta.

Zaituni alinicheka mpaka akaegemea ukuta. "Chuo cha Jumamosi! Watakupa cheti cha kwaya. Utabaki na ufagio mpaka Neema aolewe, na siku ya harusi utaufagilia ukumbi." Nilicheka naye, lakini neno lile lilinikaa. Nisingependa kupoteza miaka mitano kwa cheti cha kwaya. Ndipo nikaandika maswali yangu nyuma ya karatasi ya dawa, nisije nikatetemeka nikayasahau, nikarudi kwa Matroni.

Nikamuuliza kama mtihani wetu na wa chuo kikubwa ni mmoja. Akasema, "Mmoja, siku moja, karatasi moja. Anayesahihisha hajui nani alilala bwenini." Nikamuuliza nani anafundisha. Ni daktari, masista wawili, na yeye mwenyewe. Nikamuuliza, nikipata mimba nyingine au mtoto akiugua, itakuwaje? "Utarudia ulichokosa. Hufukuzwi." Halafu nikamuuliza lile ambalo sikuliandika.

"Na mtoto wangu?"

"Akilala, alale. Akilia, utatoka naye nje usikilizie dirishani."

Nilishukuru nikatoka. Lakini bado sikuamua. Nilimsubiri Daudi. Yeye, mama, alikuwa upande wako. "Nenda," akasema. "Miaka mitatu ni nini? Sisi kisima kimoja tunakigombania miezi minne." Nikamwambia, "Kisima hakikusahau ukiondoka." Akacheka. Kisha akaanza kukwangua tope kwenye buti zake. Akasema, "Leo nilipomnyanyua Neema alilia. Alikulilia wewe uje umchukue." Nikasema niliona. Akasema, "Basi jiandikishe kwenye hilo la Jumamosi."

Sasa mama, nitasema jambo ambalo mimi na wewe hatujawahi kulisema. Najua kwetu mtoto wa kwanza akiachishwa ziwa huenda kwa bibi. Wewe ulikwenda, na mimi nilikwenda. Marehemu bibi alinilea vizuri, alinipenda, sina neno baya juu yake. Siku ulipokuja kunichukua nianze shule nilikimbilia nyuma ya kihenge. Nikamuuliza bibi, "Huyu mama mgeni atakula kwetu?" Kisa hiki unakisimulia kila sikukuu na watu wote wanacheka, na wewe unacheka kuliko wote. Lakini nilipojifungua Neema, ulipokuja kuniogesha, ulikisimulia tena. Wanawake wakacheka. Mimi nilikuwa nimelala nakutazama mikono. Ulikuwa umeshika nepi moja, unaikunja, unaikunjua, unaikunja. Sikukuuliza siku ile na leo sikuulizi. Nakuambia tu kwamba niliona.

Sisemi mlikosea. Mlifanya kama mlivyofanyiwa, na mimi nimekua, nimesoma darasa la saba, nina kazi na mume. Lakini ilinichukua muda, mama. Unakumbuka nilikaa msimu mzima wa mvua nakuita "wee". Nilikuwa nakula kwako na roho iko kwa bibi. Neema akija kwako miaka mitatu, atakupenda wewe, na atakuwa sahihi kukupenda. Kisha mimi nitarudi na kofia nyeupe, naye atajificha. Sitaki. Hata kama wenzangu watafika mbele miaka miwili, sitaki. Neema simleti, mama. Jina langu limeshaandikwa kwenye daftari la Jumamosi, na nimeweka saini.

Usidhani nimebaki peke yangu na mzigo. Mama Hamisi, mwenye nyumba wetu, ndiye anayekaa naye nikiwa kazini. Anambeba mgongoni akipalilia vitunguu, anamwimbia Kinyaturu asubuhi mpaka mchana. Juzi Neema kaniambia neno nikabaki namtazama, ikabidi nikamuulize Mama Hamisi maana yake. Ni "maji". Kwa hiyo mjukuu wako anaomba maji kwa Kinyaturu, na baba akisikia atasema tumemuuza. Mwambie nitamfundisha Kinyiramba mimi mwenyewe, hiyo nayo ni shule ya Jumamosi. Jumamosi za darasa Mama Hamisi ana shamba la kijiji, kwa hiyo nitakwenda na mtoto. Zaituni, pamoja na mdomo wake wote, amesema atabadilishana zamu nami nikibanwa. Nilipomshukuru akasema, "Usinishukuru, nataka nione hicho cheti cha kwaya." Jana nikamkuta anamuuliza karani kama nafasi bado zipo. Nimejifanya sikuona.

Sasa nisikilize na hili, maana ndilo lililonipa moyo kuliko yote. Ningejuaje mimi kwamba mtu mzima anaweza kusoma akiwa na kazi zake zote shingoni, kama si wewe? Mlipoanza lile darasa la watu wazima nilikuwa nyumbani, tumbo la Neema limeshatokeza. Nilikuona unatoka shambani, unaegemeza jembe ukutani, unaingia na vumbi lako. Mmekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Na yule jirani yetu mwenye ng'ombe wengi alipopita akawaita vikongwe vya darasa la kwanza, ulimjibu bila kuinua kichwa: "Cheka sana. Nikimaliza nitakusomea jina lako kwenye orodha ya waliokwepa shamba la kijiji." Darasa zima lilivunjika. Wewe hukuacha jembe ili usome, wala hukuacha kusoma kwa sababu ya jembe. Nilikuwa sina habari kwamba nakuangalia ili niige. Wewe umeniambia niende chuo kikubwa, lakini miguu yako ilinionyesha hiki kidogo. Nakushukuru kwa yote mawili. Mungu akulipe.

Najua kutakuwa na siku nitalia. Jumamosi iliyopita nilikwenda kujaribu tu, nikakaa nyuma. Sista alichora moyo ubaoni na mishale ya damu inakotoka na inakorudi, nikasinzia kwenye mshale wa pili. Niliposhtuka Neema alikuwa amefika mbele kwa kushika ukuta, amesimama chini ya ubao anausikiliza moyo. Sista akamsukumia chaki na kuendelea. Mama, miguu iliniuma, matiti yaliniuma, sikuelewa nusu ya maneno, na nilitoka pale nafurahi kama mtu aliyekula akashiba.

Nisalimie baba sana, umwambie ushauri wake juu ya nguo za serikali, ule aliomwagiza dereva wa lori, umenifikia, lakini nguo ninazo. Nisalimie mjomba, kaka yako. Najua yeye ndiye atakayekasirika kuliko wote kwa sababu alishawatangazia watu kilabuni kuhusu chuo kikubwa. Mwambie awatangazie hiki kingine, uuguzi ni uleule. Nisalimie shangazi na kifua chake, asilale karibu na moshi. Nisalimie mwalimu wa watu wazima, umwambie kazi yake imefika mpaka Singida, na kwamba herufi R yako inaegemea upande lakini inasomeka vizuri. Na majirani wote waliosaidia kuvuna.

Mvua bado ziko mbali na kazi huko imepungua. Lori za alizeti zinapita Shelui kila juma, na madereva wa njia hii wanamheshimu mtu mzima, watakukalisha mbele. Kitanda kipo, Daudi hayupo mpaka mwisho wa mwezi ujao. Njoo ukae nasi mpaka goti lichoke kukaa. Njoo umwone, mama. Usije kumchukua.

Ni mimi mwanao,
Rebeka, mama yake Neema