Waya Mbili za Stendi

Jumatatu, 3 Machi

Nimetengeneza skuta tatu kabla ya chai ya saa nne. Mjomba, mwenye gereji, alikuwa bado anahangaika na skrubu za skuta yake ya kwanza. Akiambiwa taa haiwaki, anaivua skuta nguo zote. Mimi naanza na fyuzi. Ikiwa nzima, naushika usukani naupeleka kushoto, kulia. Taa ikiwaka na kuzima, waya umekatikia shingoni – kazi imekwisha.

Kasema haraka yangu itamtia aibu mbele ya wateja. Nikamwambia wateja wake wengine wameshazeeka wakisubiri. Kanuna mpaka jioni. Nilifurahi kidogo, sikatai.

Jumanne, 4 Machi

Mkunga wa zahanati kaja anaisukuma skuta kwa miguu, jasho linamtiririka. Imekataa kuwaka, na kuna mama ana uchungu tangu alfajiri. Mjomba kasema aiache mpaka kesho. Mimi nikasema dakika tano.

Swichi ya stendi ya pembeni imekufa. Skuta inadhani stendi iko chini, inagoma. Nikazikata waya mbili za swichi, nikaziunga, tepu juu. Ikanguruma. Dakika nne!

Mkunga kanikumbatia na grisi yangu yote. Mjomba kauliza ilikuwa nini. Waya, nikasema. Si uongo.

Jumatano, 5 Machi

Nilikuwa naosha mikono ndipo ikanijia. Ile swichi haikuwekwa pale kama pambo. Sasa mkunga akisahau kukunja stendi, skuta itawaka tu na kuondoka. Akikata kona ya kushoto, stendi inakita barabarani, na yeye juu.

Nilikusudia kumwambia. Zile sifa zilinilevya.

Nimempigia. Kasema skuta inaenda kama mpya, mtoto ni wa kike, ana kilo tatu na nusu, halafu kuna mtu akamwita, akakata. Nimepiga tena mara nne. Hapokei.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemuaga Mjomba kwamba naenda kwa daktari wa meno. Swichi mpya mfukoni, koleo kwenye soksi. Mlinzi wa zahanati kanikuta nimechuchumaa nyuma ya skuta, kauliza natafuta nini. Hereni, nikasema. Masikini, akapiga magoti tukatafuta wote. Hata sijatoboa masikio.

Kabla mlinzi hajachoka, mkunga katoka mbio na mkoba wake. Nikasema, mama, subiri, hiyo stendi – akasema atanisikiliza kesho, akaondoka. Stendi aliikunja. Niliitazama mpaka akapotea.

Mjomba kauliza jino limeng'olewa lipi. Nimekula upande mmoja jioni nzima.

Ijumaa, 7 Machi

Mkunga kaja mwenyewe saa tatu, na wenzake wawili wa zahanati, kila mmoja na skuta yake. Kamwambia Mjomba wanataka zote zifanywe kama yake. Yake haibagui, stendi juu, stendi chini, inawaka. Jana stendi ilikwaruza lami pale kwenye kona, cheche zikaruka, akacheka mwenyewe.

Wenzake wakacheka pia. Mjomba hakucheka. Kaweka bisibisi chini taratibu. "Kama yake vipi?"

Nikachomoa ufunguo wa mkunga asije akaondoka nayo tena, nikasema naenda kuchukua tepu.

Niko stoo, nimekaa juu ya tairi. Tepu ninayo mkononi, na ufunguo. Mkunga anauliza nimeenda kuitengeneza hiyo tepu au vipi, ana mgonjwa. Nasikia kandambili za Mjomba zinakuja huku –