Kwa Mkono Wangu wa Kulia

Geita,
16 Januari 1955

Kwako Baba yangu, Mzee Mageni,
Kishapu.

Baba, shikamoo. Namwamkia mama pia, na wote walioketi hapo uani wakisikiliza, maana najua barua ikifika kwetu majirani nao hufika. Natumaini mvua imewakumbuka mwaka huu, pamba imeota vizuri, na yule ng'ombe mwekundu ameacha kuchechemea. Mimi ni mzima. Safari hii sisemi hivyo kwa adabu ya barua tu, ni mzima kweli. Wiki iliyopita nilivaa shati peke yangu, nikafunga vifungo vyote hadi cha shingoni, kisha nikavifungua nikafunga tena kwa furaha.

Mbuke mdogo wangu, najua wewe ndiye unayemsomea baba. Soma polepole, usiruke neno hata moja. Mwandiko ni mbaya, univumilie.

Baba, barua yako ya mwezi wa tisa niliipata. Ulisifu mwandiko wa barua yangu ya kwanza, ukasema karani huyo aliyeniandikia amesoma shule ya maana. Kisha ukasema mazungumzo ya Mbuke na Maduhu yamekwisha, kwamba mtu aliyeachia kamba ya toroli mgodini na kumng'oa bega mwanao hawezi kuingia nyumbani kwako kama mkwe, na kwamba jina lake nisilitaje tena. Nisamehe baba, katika barua hii nitalitaja mara nyingi. Hakuna namna ya kueleza nilivyopona bila kulitaja.

Nianze na bega lenyewe. Baada ya kung'oka mara ya kwanza mwezi wa saba, lilirudishwa na mkono ukafungwa kwa muda, lakini halikutulia. Likawa linatoka hovyo. Lilitoka nikijinyoosha asubuhi, likatoka nikimrushia kuku jiwe, na siku moja likatoka kanisani nilipoinua mkono kujifanyia ishara ya msalaba, hata padri akasita. Mwishowe dresa wa zahanati ya hapa mgodini akaniambia kukandwa na kufungwa majani hakutasaidia tena, akanipa karatasi niende hospitali ya misheni, kule upande wa ziwani. Huko nikamkuta daktari Mzungu mrefu, mpole, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo ila mikono yake iliongea vizuri. Alikunja ngumi moja akaitia katika kiganja cha mkono wa pili. Ngumi ni kichwa cha mfupa, akasema, na kiganja ni kikombe chake. Ukingo wa kikombe changu ulikuwa umechanika, ndiyo maana mfupa unatembea. Angepasua mbele ya bega, aushone ukingo, akaze na nyama zake.

Niliogopa sana, sikufichi. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mzee mmoja wa Nkome, mvuvi, jina lake Pantaleo, ambaye alinihakikishia kwamba Wazungu hutoa mfupa wa mtu na kutia wa mbuzi, na kwamba nikiamka nisishangae nikipenda majani. Yeye mwenyewe alikuwa amepasuliwa ngiri tu, lakini alizungumza kama aliyejenga hospitali ile.

Siku ya kupasuliwa walinifunika pua kwa kitambaa chenye nusukaputi na kuniambia nihesabu. Nilihesabu Kisukuma na sikufika kumi. Nilipozinduka nilitapika, nikalia, nikamwita mama. Mkono ulikuwa umefungwa kifuani kwa bandeji, nimebanwa kama kuku anayepelekwa mnadani. Nilikaa hivyo majuma manne. Mtu asiyewahi kufungwa mkono wa kulia hajui ni mambo mangapi hufanywa na mkono huo, mengine hayafai kuandikwa mbele ya mama.

Na hapo, baba, ndipo namtaja Maduhu. Kila Jumapili aliyopumzika alidandia lori la kuni, akaja. Aliniletea michembe ya viazi kwenye mfuko wa unga, akaniogesha mgongo, akaninyoa ndevu huku akinitukana kwamba nimenenepa kwa uvivu. Wagonjwa wengine walidhani ni ndugu yangu wa tumbo moja. Mimi sikukanusha.

Bandeji ilipofunguliwa, mkono ulining'inia kama si wangu. Mwuguzi wetu, Generosa, mwanamke wa Bukoba asiyecheka ovyo, akanisimamisha mbele ya ukuta na kuniamuru nipande kwa vidole, kidole baada ya kidole, hadi pale nitakaposhindwa. Hapo akachora mstari kwa chaki na kuandika tarehe. Siku ya kwanza mstari ulikuwa usawa wa kitovu. Nilimwambia nimekufa. Akanijibu kwamba amekwisha kuona waliokufa na hawalalamiki hivyo, kesho nipande tena. Basi kila siku nilipanda, jasho likinitoka, na Pantaleo akinishangilia kitandani kana kwamba navuta nyavu. Jumapili moja Maduhu akaichukua chaki kwa Generosa, akanyoosha mkono wake mrefu na kuchora mstari juu kabisa, karibu na dirisha, akaandika kando yake Kishapu. Akasema nikifika pale ndipo nitakapokwenda nyumbani, kabla ya hapo mama asinione.

Siku ya pili baada ya Noeli nilifika Kishapu. Nilikaa pale juu kwa ncha za vidole nikicheka peke yangu, na Generosa naye akacheka, kwa mara ya kwanza. Sasa nimerudi mgodini. Chini sishuki tena, wamenipa kazi katika chumba cha taa, nawagawia wanaoshuka na kuzipokea wanapopanda. Daktari amesema jembe la kulima nitalishika msimu ujao. La kurusha, hapana, maisha yangu yote.

Baba, umelisikia hilo neno la kurusha, na najua umeinua uso. Hapa ndipo pa kusema kweli, nami nimeizungukia kurasa mbili.

Hakukuwa na toroli. Hakuna kamba iliyoachiwa. Bega langu liling'oka Jumapili mchana, kwenye mbina, ngoma yetu ya kurusha majembe, uwanjani mbele ya watu.

Unajua Wagika na Wagalu huku nako hushindana kama nyumbani, kila upande na ngoma zake, na watu hukimbilia panaponoga. Mimi ni Mgika kwa kuwa wewe ni Mgika, na Wagika wa hapa nilipowaambia mimi ni mtoto wa Mageni wa Kishapu, yule ambaye jembe lake lilizunguka mara tatu hewani, nilidhani wataniweka mbele. Wakaniweka nyuma, mstari wa tatu. Nilinuna, baba. Jumapili hiyo mrusha majembe wa Wagalu aliamka na homa, wakatafuta mtu, nami nikajipeleka mwenyewe. Maduhu, ambaye ni Mgalu wa kuzaliwa, alinizuia. Aliniuliza baba yako akisikia je? Nikamwambia Kishapu ni mbali. Nikajipaka chokaa uso mzima nisijulikane, nikaingia upande wa pili.

Jembe lilipanda vizuri. Lilizunguka mara mbili, nikataka ya tatu kama yako, nikalirusha tena kwa nguvu zote, nikalidaka kwa nyuma. Bega likalia kama kuni inayovunjwa. Nilianguka nikigaagaa, na watu wakashangilia mno wakidhani ni mtindo mpya. Wagalu walishinda siku hiyo. Maduhu peke yake ndiye aliyeona kwamba sichezi. Aliniburuta pembeni, akanivua mavazi ya ngoma, akalirudisha bega, akaninawisha chokaa usoni kabla watu hawajanitambua.

Kuzaliwa upande fulani si kosa la mtu, ndivyo ulivyosema Maduhu alipoleta posa yake kwa Mbuke. Lakini mtu kuuacha upande wa baba yake kwa ajili ya kununa, hilo nilijua hutalimeza. Nikasema tutaandika kwamba ni toroli. Maduhu akasema mzee atauliza toroli lilijiendeaje, lazima awepo aliyeliachia. Kisha akasema basi tuandike ni yeye, wewe utamkasirikia kwa muda, ukiona nimepona utasahau. Nikakubali upesi, kwa kuwa ilinifaa.

Jibu lako lilipokuja, mkono wangu ulikuwa umefungwa tena, akalifungua na kunisomea yeye. Alisoma hadi mwisho pale paliposema asitajwe tena, akaikunja, akaniuliza kama nimekunywa uji. Nilijua siku hiyo kwamba ni lazima nikwambie, na bado sikusema. Ningeweza kumwomba dresa aniandikie, au padri. Nilijificha nyuma ya bandeji. Naona aibu, baba, kuliko nilivyoona maumivu.

Mbuke, simama hapa kidogo. Nenda kwenye sanduku la mama, itoe barua yangu ya kwanza, uziweke zote mbili mbele ya baba. Hasomi, lakini macho anayo. Hii yenye herufi zinazoanguka nimeiandika mwenyewe kwa siku sita, kwa mkono wangu wa kulia uliopasuliwa, na Maduhu hajui kama naiandika. Ile iliyonyooka, ambayo baba aliisifu, hapakuwa na karani. Mkono wangu ulikuwa umefungwa. Kila neno baya lililosemwa humo juu ya Maduhu, aliliandika Maduhu.

Baba, nikasirikie mimi kadiri upendavyo. Nitakuja mwezi wa tatu na nitasimama mbele yako unihukumu. Naomba tu nisije peke yangu.

Msalimieni bibi, na mama mwambieni sasa najipaka mafuta mgongoni mwenyewe. Wale majirani wa uani nao nawasalimu, pamoja na masikio yao. Mungu awalinde na awape mavuno.

Mimi ni mwanao, Mgika wa mstari wa tatu,
Jilala Mageni